Nina shahada ya uhasibu na nimependa kufundisha. Nianzie wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma majibu yako kila wiki, na leo nimeona na mimi niandike, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka mitatu, naishi Majengo hapa Moshi. Mwaka 2019 nilimaliza shahada ya uhasibu Dar es Salaam, GPA 2.9. Nilizunguka na bahasha Moshi na Arusha, kwenye kampuni za utalii, saccos na mahoteli, mwisho nikaingia kwenye nguo za mtumba pale Memorial. Mwaka jana shule moja ya binafsi jirani na kwetu ilikimbiwa na mwalimu wa hisabati katikati ya muhula. Mkuu wa shule ni mteja wangu, na aliposikia nina shahada ya mahesabu akaniomba niwashikie kidato cha kwanza na cha pili kwa muda.

Mwalimu, nilikwenda kwa ajili ya posho, lakini nimepapenda. Kuna binti wa kidato cha pili alikuwa hafiki hata alama 20. Muhula uliopita alipata 54, mama yake akanifuata hadi mezani kwangu sokoni kunishukuru. Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kazi yangu nimeshaiona.

Tatizo ni hili. Wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) walipokuja shuleni, mkuu wa shule aliniambia nisifike siku hiyo. Baadaye akaniita, akasema kwamba bila cheti cha ualimu mwakani hataweza kubaki na mimi, nikasome PGDE (Stashahada ya Uzamili katika Elimu). Kaka yangu yuko Arusha na yuko tayari kunisaidia nusu ya ada, ila anasema PGDE ni kupoteza hela, bora nichukue masta ya elimu moja kwa moja ili niwe juu. Mama anasema nirudi chuo cha ualimu nikachukue stashahada kama alivyofanya dada yake zamani. Mwalimu mwenzangu ananishauri nikasome Chuo Kikuu cha Mwenge, pale Longuo. Mwingine anasema nisome Chuo Kikuu Huria, nikiwa nyumbani, ili niendelee na biashara na mtoto. Lakini kuna anayedai cheti cha Huria hakina uzito.

Na kuna kijana mmoja ameniambia kuna mtu anaweza "kunisogezea" cheti bila kwenda TP (mazoezi ya kufundisha), nilipe tu. Sikumjibu, lakini nikuambie ukweli, kwa hali yangu nililifikiria.

Mambo mengine mawili. Vyeti vyangu vyote vya shule na chuo vina jina la baba, ila kitambulisho cha taifa (NIDA) nilijiandikisha kwa jina la mume. Je, litaniletea shida? Na Bodi ya Mikopo bado wananidai, sijawahi kulipa hata shilingi. Wataninyima kusoma?

Nataka kuwa mwalimu wa hisabati. Naomba unionyeshe njia.

Mama wa mtoto mmoja, Majengo, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hili la mwisho, la kuwa mwalimu wa hisabati, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wote uliowataja aliyekugusia, na ndilo litakaloamua mengine. PGDE ndiyo njia yako sahihi. Lakini kwa shahada uliyonayo, kuna uwezekano mkubwa isikufanye mwalimu wa hisabati. Afadhali ulisikie kwangu leo kuliko kulisikia ukiwa umeshalipa ada.

Iko hivi. PGDE imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu. Inamfundisha namna ya kufundisha. Haimfundishi somo lenyewe, kwa sababu inamhesabu kuwa somo amekuja nalo kutoka shahada ya kwanza. Kwa hiyo maofisa wa udahili watafungua transkripti yako, ile orodha ya kozi na alama zako za chuo, kutafuta kitu kimoja: katika kozi ulizosoma, lipo somo linalofundishwa sekondari? Mwenye shahada ya kemia yuko wazi, na aliyesoma Kiswahili au jiografia vilevile. Aliyesoma sosholojia au utawala wa rasilimali watu hupata tabu sana hapo, na nimewaona wengi waliorudishwa mlangoni wakilia. Wewe hutarudishwa. Uhasibu unakupa utunzaji wa vitabu vya hesabu na somo la biashara, na kidato cha tano na cha sita kuna tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ambayo bila watu wa aina yako haiendi. Lakini hisabati ya biashara na takwimu ulizosoma mwaka wa kwanza, kwa vyuo vingi, hazitoshi kuhesabika kama somo la hisabati. Ni kozi chache za kukusaidia kwenye uhasibu, basi.

Kwa nini nalisisitiza hivi? Kwa sababu Serikali inapotangaza nafasi kwenye Ajira Portal, tovuti yake ya maombi ya kazi, haitangazi "mwalimu" kwa jumla. Inatangaza Mwalimu Daraja la III C wa somo fulani, na mwenye shahada nyingine pamoja na PGDE anaruhusiwa kuomba kulingana na somo alilosomea. Ukiomba hisabati huku transkripti inasema uhasibu, jina lako litaachwa hata kama darasani unawazidi wote waliochaguliwa. Shule za binafsi zina unafuu kidogo, kwa maana mkuu wa shule akikuamini anaweza kukupa vipindi vya hisabati kwenye ratiba yake, kama alivyofanya huyo wako. Hayo ni mapatano yako na yeye, na siku akiondoka au shule ikibadili uongozi, kitakachobaki mkononi mwako ni transkripti.

Sasa usikate tamaa, maana umeingia kwenye ualimu wakati mzuri kwa mtu wa fani yako. Mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024, umeliweka somo la Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari ya chini. Zamani biashara ilikuwa ya shule chache zenye mchepuo huo, na shule nyingi za kata zilimaliza miaka bila mwalimu hata mmoja wa somo hilo. Sasa kila mtoto wa kidato cha kwanza anatakiwa kulisoma. Nani atawafundisha? Nakuambia bila kusita, mtu mwenye shahada ya uhasibu, aliyeuza nguo Memorial akajua mtaji, faida na deni la mteja kwa uchungu wake mwenyewe, na mwenye PGDE juu yake, ana kitu cha kuwapa watoto hao ambacho hakimo kitabuni. Na yule binti wa alama 54 hukumsaidia kwa sababu ya hisabati peke yake. Ulimsaidia kwa sababu unajua kumfikia mtoto aliyekwama, na hilo litakwenda na wewe kwenye somo lolote.

Bado nakushauri uulize. Nenda na transkripti yako mkononi kwa ofisa udahili wa chuo, si kwa rafiki aliyesoma pale, umuulize maswali mawili: kwa kozi hizi, nitasajiliwa kwenye mbinu za kufundishia somo gani? Na je, kuna namna ya kuwa na somo la pili? Omba jibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe. Ukilipata hilo, ndipo uzungumze ada.

Kuhusu kaka yako. Ana nia njema na wewe, na ninamheshimu kwa kutoa mkono. Lakini masta ya elimu haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Ni shahada ya kuongeza ujuzi kwa aliye mwalimu tayari, na programu kadhaa za aina hiyo zinataka kwanza uwe na shahada ya ualimu au PGDE ndipo upokelewe. Ziko nyingine zinazopokea mtu yeyote mwenye shahada, lakini ukimaliza utakuwa na masta ya mipango au uongozi wa elimu bila kibali cha kusimama darasani, na tangazo la kazi likija halitakutambua. Mwambie hivi: PGDE kwanza, ufundishe miaka kadhaa, kisha masta kama bado mna nguvu. GPA yako ya 2.9 ni daraja la pili la chini, ambalo hapa kwetu linaanzia 2.7, kwa hiyo hata huko mbele mlango haujafungwa.

Kwa mama, mpe heshima yake na umweleze taratibu. Stashahada ya ualimu ya miaka miwili ni njia ya aliyetoka kidato cha sita. Wewe ukiirudia, Serikali itakuajiri kwa ngazi ya stashahada ambayo ni chini ya hadhi ya shahada yako, na utakuwa umetumia muda mrefu zaidi. PGDE kwa anayesoma kutwa ni mwaka mmoja wa masomo.

Longuo au Huria? Hapa ndipo watu wanapenda kubishana, na mabishano mengi hayana maana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni chuo cha umma, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992. Kina vituo vya mikoa, kimojawapo kiko hapo Moshi na kingine huku kwetu Arusha, na cheti chake kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu sawa na cha chuo kingine chochote kilichoidhinishwa. Anayekuambia hakina uzito, muulize uzito unapimwa na nani. Mwenge nacho ni chuo kizuri. Kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014 kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu, kwa hiyo ualimu ndio msingi wake, na kwako Majengo ni daladala tu, unapanda upande wa KCMC. Ukitaka kupanua uchaguzi, uliza pia vyuo vya upande wa Usa River, ila hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe, na si chuo tu, imo kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu kwa mwaka huo. Orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Maombi ya uzamili unapeleka moja kwa moja chuoni, na kwa kuwa mwaka wa masomo wa vyuo vingi unaanza karibu na Oktoba au Novemba, usingoje Septemba ndipo uanze kutafuta vyeti.

Kinachotofautisha njia hizo mbili ni wewe mwenyewe na nyumba yako. Ukisoma kutwa, kuna mhadhiri anayekuona usoni, kuna wenzako wa kujadiliana nao, na baada ya mwaka umemaliza. Meza ya Memorial lazima mtu mwingine aishike. Ukisoma Huria, meza inabaki na mtoto anakuona, lakini hakuna atakayekuamsha saa kumi alfajiri ufungue moduli. Kazi za majaribio zina tarehe zake na mitihani ina tarehe zake, na wanaojiambia "nitasoma wikiendi" ndio wanaomaliza miaka mitatu kwa kitu ambacho kingekwisha mapema. Kaa na mume wako mlizungumze hilo kabla ya kuangalia ada: nani atakaa na mtoto jioni, na nani atafungua biashara siku za mtihani? Majibu yenu ndiyo yatakayochagua chuo. Mimi kwa maelezo yako naelekea Longuo, kwa sababu mkuu wa shule amekupa muda mfupi na kaka yuko tayari sasa hivi. Lakini mume akisema hataweza, Huria ni njia ya heshima kabisa.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe, maana watu wanadhani ni kupoteza muda. Utasoma saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundishia somo lako, upimaji na tathmini, ushauri na unasihi, uongozi wa shule, na falsafa kidogo. Mtu mzima aliyekwisha kushika darasa hupata faida maradufu kwenye haya kuliko kijana wa miaka 21, kwa sababu kila ukurasa una sura ya mtoto anayemfahamu. Chukua upimaji. Leo unatunga mtihani kwa kuangalia mitihani ya miaka iliyopita, si ndiyo? Ukishasoma upimaji, utajifunza kutengeneza jedwali la kutahini kabla hujaandika swali la kwanza: mada hii ina uzito gani, maswali mangapi ni ya kukumbuka, mangapi ya kutumia maarifa. Utaweza kutazama karatasi ya yule binti na kuona kwamba alama alizokosa hazikuwa za hesabu bali za Kiingereza cha swali. Mambo kama hayo ndiyo yanayomtoa mwalimu kwenye kubahatisha.

Na TP, mwanangu. Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo moyo wa programu nzima. Utapelekwa shuleni kwa majuma kadhaa mfululizo, uwe na azimio la kazi lililokamilika, andalio la somo kwa kila kipindi, zana zako, na shajara la somo unalojaza kila siku. Siku usiyoijua msimamizi kutoka chuoni ataingia, atakaa nyuma ya darasa na fomu yake, atakutazama kuanzia unavyoandika tarehe ubaoni mpaka unavyofunga kipindi. Baada ya hapo mtakaa chini ya mti au kwenye ofisi ya walimu, akueleze alichokiona. Nilipokea wanachuo wengi wa TP enzi nikiwa kazini, na nakuambia kwamba nusu saa ile ya maelezo ina thamani kuliko mihadhara ya mwezi mzima. Hakuna wakati mwingine katika maisha yako ya ualimu ambapo mtu mwenye ujuzi atakaa kimya akikutazama kwa nia ya kukusaidia tu. Ukishaajiriwa, wengi watakaoingia darasani kwako watakuwa wanakagua.

Kwa hiyo nina ombi. Chuo kikikuruhusu kuchagua shule, usiende kufanya TP kwenye shule yako hiyo hiyo, hata kama ni rahisi kwa mtoto na biashara. Pale wanakupenda na darasa lina watoto wachache. Omba shule ya kata yenye darasa la watoto 70 na kitabu kimoja kwa dawati. Jifunze kugawa makundi mahali ambapo huwezi hata kupita kati ya madawati, na kusahihisha madaftari ya mikondo mitatu bila kulala saa nane usiku. Kama ajira ya Serikali itakuja, itakukuta huko. Na kama haitakuja, shule yoyote ya binafsi itafurahi kumpata mtu aliyepitia hapo.

Na chuo kikikuambia TP yao ni ya wiki chache za juujuu na msimamizi huenda asifike, tafuta chuo kingine. Swali hilo uliulize siku ileile unayopeleka transkripti: wasimamizi wanakuja mara ngapi, na ni watu wa somo langu au wa fani nyingine?

Umeshaona kwa nini yule kijana wa "kukusogezea" cheti bila TP siwezi kumkubali. Angekuuzia karatasi na kukunyang'anya sehemu yenye thamani. Zaidi ya hapo, ni jinai. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki wa vyeti ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na kazi zikaishia hapo. Walikuwamo watu waliokuwa kazini miaka mingi, wana nyumba, wana watoto vyuoni. Umesema ulilifikiria. Asante kwa kuwa mkweli, sikulaumu, hali ngumu inamfikisha mtu mahali pa ajabu. Sasa futa namba yake kwenye simu.

Kuhusu majina, ni jambo dogo likishughulikiwa leo na ni donda likiachwa. Jaza fomu ya chuo kwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile, kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Jina la mume usiliingize popote kwenye cheti kipya, hata kama unalipenda. Kwa njia hiyo vyeti vyako vyote vya masomo vitakuwa kitu kimoja, na utabaki na NIDA peke yake inayotofautiana. Hiyo ipeleke kwa wakili. Atakuambia kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha mrekebishe NIDA ifuate vyeti. Cheti cha kuzaliwa nacho kiangalie. Na uandae vyeti kamili, kwa sababu kwenye Ajira Portal hati ya matokeo ya muda haikubaliki, na nakala lazima ziwe zimethibitishwa na wakili. Kama cheti cha shahada bado kiko chuoni Dar es Salaam, kifuate mapema. Wasomaji wengine mliosoma Uganda, Kenya au India, ninyi mna hatua moja zaidi, ya kuitambulisha shahada yenu kwa Tume ya Vyuo Vikuu kabla chuo hakijawasajili.

Umri usikutishe. Matangazo ya ajira ya Serikali kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45.

Bodi ya Mikopo hawatakuzuia kusoma kwa kuwa hujaanza kulipa, lakini deni halifi. Siku utakapoajiriwa, kwa Serikali au shule ya binafsi, mwajiri anapaswa kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Nakutajia sasa ili unapopiga hesabu za mshahara wa ualimu uitoe asilimia hiyo kabla hujaahidi mtu kitu. Kwa PGDE panga kujilipia, usiweke matumaini kwenye mkopo mpya. Na ukiomba chuo mchanganuo wa gharama, usikubali kupewa ada ya masomo tu. Uliza usajili, mitihani, kitambulisho, ada ya uthibiti ubora ya Tume ambayo ni shilingi 20,000, na hasa gharama za TP: nauli, karatasi za manila, kalamu, chakula cha mchana, na sketi za heshima mbili tatu, ingawa hizo wewe unajua pa kuzipata. Nauli ya TP imewaangusha wengi ambao ada waliimaliza yote. Kaka akitoa nusu ya ada, wewe anza kuweka ya TP kuanzia Jumamosi hii.

Limebaki la kuambiwa usifike shuleni wathibiti ubora walipokuja. Sikulipenda. Sheria inataka anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha, na leseni hiyo ipo kwa ajili ya watu kama wewe, wenye elimu lakini bado hawajapata cheti cha ualimu. Shule ndiyo inayopaswa kuisimamia. Muone mkuu wa shule kwa adabu, umwambie umekubali kwenda PGDE, na umuulize kama shule inaweza kukuombea leseni wakati unasoma, ili usijifiche tena. Akikubali, mwombe pia barua inayoonyesha madarasa na masomo uliyofundisha na tangu lini. Mwambie aandike na Elimu ya Biashara kwenye ratiba yako ya muhula ujao, hata vipindi viwili kwa wiki, ili uingie chuoni ukiwa umeshaonja somo utakalosajiliwa nalo.

Ofisa udahili akikujibu kuhusu somo la pili, niandikie. Wako wengi wenye shahada ya biashara wanaotaka kujua jibu hilo.

Mwalimu wako mstaafu, Arusha